Miezi miwili mtoto ananiambia "tumbo linauma", mimi namwita muongo

Kipisi cha Muwa:

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite. Na asidhani nimekuja kujisifu, maana mkosaji humu ni mimi mwenyewe.

Nina kijana wa miaka 5, mwaka huu kaanza awali. Tunakaa Mbagala, shule iko mbali kidogo, gari la shule linampitia saa 12 na robo asubuhi. Wiki mbili za mwanzo alikwenda kwa shangwe, begi akilala nalo. Wiki ya tatu ikaanza: "Baba, tumbo linauma." Linaanza akivaa soksi. Jumamosi limepona. Jumapili jioni linarudi.

Mimi nikasema huyu hataki shule. Ushahidi si ninao? Ugonjwa gani unaojua leo ni Jumatatu?

Mama yake ana huruma kunizidi, akampeleka zahanati. Akapimwa mkojo, akapimwa damu, wakarudi na yale majibu ambayo kila Mtanzania anayajua hata kabla hajapimwa: UTI, na taifodi kwa mbali. Dozi akamaliza, tumbo liko palepale. Tukampa dawa ya minyoo, tumbo liko palepale. Jirani akasema hilo ni chango, akatuletea mizizi ya kuchemsha. Tumbo liko palepale, na sasa mtoto akiona kikombe anakimbia.

Kisha likaja la pili, la aibu. Dada wa kazi akawa anakuta chupi zimechafuka, kidogo kidogo, kama uji. Tukasema anaharisha. Sasa mtoto mkubwa hivi, kwa nini hasemi? Hapo nilimchapa. Mara mbili. Nimeliandika ili lisomeke.

Wiki ya sita nikabadilisha mawazo. Nikasema hapa kuna mtu. Redio kila siku zinatangaza habari za watoto kuharibiwa. Nikamkalisha kitandani nikamuuliza kwa upole, naapa ulikuwa upole: "Nani anakusumbua shuleni?" Kimya. "Mwalimu?" Kimya. "Matroni?" Kimya. "Dereva? Dereva anakufanya kitu?"

Akaitikia kwa kichwa.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikuwa nje kabla ya gari kufika, mkononi nina spana. Dereva ni mtu mzima, rika la baba zangu wadogo. Jirani alinidaka mkono. Yule mzee alikuwa anatetemeka, anarudia neno moja tu: "Mwanangu, niulize vizuri. Niulize vizuri." Watoto wamejaa kwenye gari wanatazama, wangu yumo.

Bahati mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Muheza. Hakusema kitu siku nzima. Jioni amekaa mkekani anachambua mchele, mjukuu pembeni yake, akaanza kama mchezo: "Eti dereva anakusumbua?" "Ndiyo." "Na matroni?" "Ndiyo." "Na simba naye amo kwenye gari?" "Ndiyo bibi." "Anakaa kiti gani?" "Cha nyuma."

Bibi hakucheka. Akaniita, akasema huku macho yako kwenye ungo: "Mkwe wangu, huyu hujamsikiliza bado. Umempa maneno yako, naye kakurudishia maneno yako. Ya kwake bado anayo mwenyewe."

Wakuu, mimi ni fundi friji. Kazi yangu ni masikio. Mteja akinipigia simu akasema friji inalia, simwambii muongo. Nakwenda, nawaomba wazime televisheni, naweka sikio. Kompresa inayogonga ikizima ni ugonjwa mmoja, feni inayokwaruza barafu ni ugonjwa mwingine. Friji haina mdomo lakini naielewa. Nyumbani nina mtu mwenye mdomo.

Jumapili iliyofuata nilikuwa uani nimefungua friji ya mteja, kijana ananipokeza bisibisi. Skrubu ikaponyoka, ikabingirika mpaka kwenye shimo la maji machafu, ikazama. Akasema, taratibu kabisa:

"Sasa imeenda kwa yule."

Ulimi ulikuwa tayari kusema "yule nani tena, hebu lete koleo". Sijui nini kilinizuia, labda simba wa kiti cha nyuma. Nikaendelea kufungua, sikumtazama. Nikarudia tu neno lake.

"Kwa yule."

"Ee. Wa chooni."

"Wa chooni."

"Cha shule. Kina mdomo mkubwa. Mguu wangu unaingia, baba. Kiatu kiliingia, mwenzangu akanivuta. Kwa hiyo mimi siendi. Nabana."

"Unabana mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nyumbani. Halafu nyumbani hakitoki."

Basi. Miezi miwili, UTI, taifodi, chango, bakora, dereva wa watu. Jibu lilikuwa hilo.

Jumatatu niliomba ruhusa nikapanda naye gari la shule. Kabla ya yote nilimuomba radhi yule mzee mbele ya watoto walewale. Shuleni mwalimu akanionyesha choo. Ni cha shimo, kisafi, sina la kulaumu kwenye usafi. Ila tundu limekatwa kwa ajili ya mtu wa darasa la saba. Nikamsimamisha kijana pale juu: akichuchumaa, visigino viko ukingo huu na vidole karibu ukingo ule. Chini giza. Mimi mwenyewe nilisikia baridi mgongoni.

Nitarudi kueleza hospitali walisemaje. Kwa sasa nauliza: ni mimi peke yangu, au na nyie mnapishana na watoto wenu hivi?

---

Mama Mapacha wa Kigogo:

Nimesoma nimesimama jikoni, maharage yameungua. Hapo kwenye "halafu nyumbani hakitoki" nimelia. Wangu mmoja aliniambia wiki nzima "mama, sikio linaongea". Tukawa tunacheka, tunawasimulia hadi wageni. Siku ya nane usaha ukatoka.

---

Kobe wa Bara:

Mkuu pole, lakini tusipelekane puta. Sisi tulikuwa kumi na moja nyumbani, nani alitusikiliza? Tulichapwa, tulienda shule, vyoo vya nyasi tulivitumia, na leo ni watu wazima. Watoto wa siku hizi mnawadekeza, akikohoa mnaitisha kikao. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu amsikilize mtoto. Hayo ya haki za mtoto ni mambo ya Wazungu.

---

Kipisi cha Muwa:

Mzee Kobe shikamoo. Methali hiyo naijua na nimeitumia sana, hata wiki ile ya bakora niliitumia. Ila guu lililokuwa linaingia shimoni lilikuwa la mdogo, na asiyesikia alikuwa mkuu.

---

Mtumishi wa Zahanati:

Naomba nieleze upande wa tiba, maana nadhani wazazi wengi humu wanapita kwenye hili bila kujua.

Mtoto anayebana haja anaumwa kweli. Haja ikikaa muda mrefu, utumbo mpana unaendelea kuifyonza maji, inakuwa ngumu kama jiwe. Siku ikitoka inamchana, anapata sababu mpya ya kubana kesho. Ikiendelea wiki na wiki, sehemu ya mwisho ya utumbo inatanuka na hisia ya "nataka chooni" inafifia. Sasa ile haja laini ya juu inapita pembeni ya lile jiwe na kuvuja kwenye chupi. Mtoto HAJUI kama imetoka. Mzazi anaona anaharisha, anatafuta dawa ya kufunga choo, na hapo ndipo anamfunga kabisa.

Na lile swali la mleta uzi, ugonjwa gani unaojua Jumatatu? Huu hapa. Chai ya asubuhi ikiingia tumboni, utumbo unaamka na kusukuma. Kwa mtu mwenye nafasi, anakwenda chooni. Kwa mtoto anayejua gari linakuja na kule kuna tundu, anakaza misuli, na utumbo unasukuma mlango uliofungwa. Lazima uume. Jumamosi hakazi, haumi. Hapakuwa na uongo wowote.

Tena kwa umri huo "tumbo" ni neno la kila kitu. Hofu ni tumbo, kichefuchefu ni tumbo, mkojo kuchoma ni tumbo, njaa ni tumbo, hata mtoto mwenye nimonia anaweza kukuonyesha tumbo. Msimwambie "sema vizuri". Mpe kidole, aonyeshe. Muulize huwa linaanza wakati gani, na likianza yeye hufanya nini. Hilo la pili ndilo linaloleta majibu.

Tiba ni ndefu, msidanganyane. Kwanza dawa ya kulainisha aliyoandikiwa na mtaalamu (wengi hupewa laktulosi, ile ya maji tamu), na inaweza kuendelea kwa miezi, maana utumbo uliotanuka unahitaji muda kurudi. Wazazi wanaacha siku choo kikilainika, baada ya wiki mbili wamerudi mwanzo. Maji ya kutosha, papai, mboga za majani, maharage. Maziwa ya ng'ombe yakizidi mno yapunguze. Akishakula, akae chooni dakika tano au kumi, miguu imekanyaga kitu, isining'inie. Na asichapwe kwa chupi, kamwe. Mafuta ya nyonyo na maji ya sabuni kwa nyuma, acheni.

Lakini ukiona damu nyingi, anatapika, tumbo limevimba, ana homa, anapungua uzito, au tatizo lipo tangu kuzaliwa, hiyo ni hospitali na si uzi.

---

Kipisi cha Muwa:

Dada, kama vile ulikuwepo. Daktari wa watoto alimbonyeza tumbo kushoto chini, akanishikisha na mimi mkono. Kuna kitu kama kamba yenye mafundo. Akasema "hii ndiyo UTI yenu". Dawa mwezi wa tatu sasa. Chupi safi wiki ya tano. Asubuhi anaimba tena, na hapo kwenye kuimba ndipo ninapoona deni langu.

---

Ticha wa Awali:

Mimi ni mwalimu wa awali, mkoa siutaji. Nasimama upande wa yule mwalimu kidogo.

Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi nina 93. Vyoo, kiwango kinasema tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Sisi tuna matundu 6 shule nzima, na wadogo wanapanga foleni na wakubwa wanaowasukuma. Kwa hiyo nikisikia "wazazi, walimu, wasikilizeni watoto" kwenye semina huwa natabasamu tu. Watoto 93, kila mmoja dakika moja, ni saa moja na nusu, na bado hatujaimba hata wimbo.

Lakini nitawaambia ninaposikilizia. Ni kwenye ndoo ya kunawia, kabla ya uji. Ninakaa pale nimeshika kopo, nawamiminia maji mmoja mmoja. Mtoto anayeulizwa anaficha. Mtoto anayenawa anamsimulia mwenzake kila kitu, mimi kwake ni mtu wa maji tu. Pale nimejua nani kalala na njaa, nani baba yake kahama, nani anabebeshwa mdogo wake usiku kucha ndiyo maana analala darasani. Pale ndipo nilipojua kuhusu "jini la chooni". Wakubwa wa darasa la nne waliwaambia wadogo kwamba shimoni kuna mkono.

Zamani nilikuwa nasimama mbele nauliza kwa sauti, "Nani anataka chooni?" Wanaoogopa hawanyooshi. Siku hizi tunakwenda wote kwa mafungu, nasimama mlangoni, nawaambia nipo. Inakula muda wa somo, mkaguzi akija nitamwambia hivyohivyo.

---

Bin Likoni:

Hamjambo majirani. Mimi niko ng'ambo ya feri, Mombasa. Hapa kwetu yalinifika kwa njia nyingine.

Binti yangu alipoingia PP1, yaani mwaka wa kwanza wa awali huku Kenya, miaka 4, tukampeleka shule ya kibinafsi yenye sheria ya Kiingereza tupu. Jioni moja akamuuliza nyanya yake: "Nyanya, mkojo kwa Kiingereza huitwaje?" Tukaangua kicheko sebuleni, mimi nikarekodi na kuwatumia jamaa. Kumbe mtoto alikuwa ameulizia njia ya kuokoka. Darasani ukitaka kutoka lazima uombe ruhusa kwa sentensi nzima ya Kiingereza, nayo hakuijua, na Kiswahili ni makosa. Akajikojolea siku tatu mfululizo. Shule ikatuandikia barua kwamba mtoto hajafunzwa choo!

Swali lake lilikuwa wazi kuliko barua ya shule. Sisi tulisikia kichekesho.

Na kuhusu tundu la choo, msifikiri ni hofu za kitoto tu. Januari 2014, mkoa wa Limpopo, Afrika Kusini, mtoto wa miaka 5 aitwaye Michael Komape aliingia choo cha shimo cha shule, kiti kikaporomoka, akafia mle. Alikuwa na siku chache tu tangu aanze shule. Wazazi wake walikwenda mahakamani, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Rufaa, ikaamuliwa kwa upande wao mwaka 2019. Baada ya vifo vya namna hiyo ndipo serikali ya kule ilipotangaza mpango wa kuondoa vyoo vya shimo mashuleni mwaka 2018. Mtoto akisema choo kitammeza, mzazi nenda ukakitazame kwa macho yako kwanza.

---

Kobe wa Bara:

Hiyo ya Limpopo sikuijua. Sawa. Lakini bado nauliza, na msinizunguke: mjukuu wangu huniambia jino linauma kila gari la aiskrimu likipita na mlio wake. Huyo naye nimsikilize?

---

Mama Mapacha wa Kigogo:

Mzee, msikilize, halafu usimnunulie. Ni vitu viwili.

---

Mkongwe wa Ustawi:

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi. Nimeusoma uzi mara mbili, nina wasiwasi na sehemu moja, ile ya dereva. Sitaki mtu atoke hapa akisema "kumbe watoto huitikia tu, basi akinitajia mtu nisiamini". Hapana.

Mama mkwe wa mleta uzi alifanya jambo la busara kwa kugundua kosa la muulizaji. Kosa lilikuwa kwenye swali. Mtoto mdogo akipewa majina ya kuchagua na mtu mzima anayemheshimu, atachagua. Akiulizwa jambo lilelile mara ya tatu, anadhani jibu la kwanza lilikuwa baya, analibadilisha. Sisi kazini tunakatazwa kuuliza hivyo. Tunasema: "Nisimulie." "Halafu ikawaje?" "Hapo kwenye 'yule' sikuelewa, nieleze." Na kunyamaza. Watu wazima hatujui kunyamaza, tukihesabu tano mtoto hajajibu tunamjibia. Angalia tena kule uani: fundi alirudia neno la mtoto, akaacha mikono ifanye kazi. Bila kujua alifanya mahojiano mazuri kuliko mengi niliyosoma kwenye mafaili.

Lakini mtoto akikwambia mwenyewe, bila kuwekewa, "anko ananishika hapa", au akiwa anajificha kila mtu fulani anapokuja, hapo usipime na simba. Usimhoji tena na tena, usimwite ndugu wa tatu asikie. Andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni ya ajabu, maana ya ajabu ndiyo yake. Mtenge na huyo mtu siku hiyohiyo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au ofisi ya ustawi wa jamii, au piga 116, ni bure, na Kenya namba ni hiyohiyo. Kama kuna dalili za kuingiliwa, hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya muda huo, na kila saa inayopita ni hasara.

Mzee Kobe, kuhusu mambo ya Wazungu. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto ulifanywa hapahapa Tanzania mwaka 2009: karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi hawakumwambia mtu. Mwaka huohuo Bunge letu likapitisha Sheria ya Mtoto, na kifungu cha 11 kinasema mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki kwenye maamuzi yanayomhusu. Imetungwa Dodoma hiyo.

Na mtoto hujaribu kwanza na kitu kidogo. Leo anakwambia kuhusu mende, kesho kuhusu mwenzake aliyemchukulia penseli. Anapima kama sikio lako linafunguka. Ukimfukuza kwenye mende, lile kubwa hataleta kwako.

---

Kobe wa Bara:

Nimesoma. Hapo kwenye mende nimekaa kimya. Kwenye adabu bado tunatofautiana, lakini tuliache.

---

Kijana wa Veta:

Wakuu, mimi sina mtoto, nilikuwa nafuatilia tu. Ila mleta uzi hujamaliza. Choo kikawaje?

---

Kipisi cha Muwa:

Ahsante kwa kukumbusha, mjadala ulinichukua.

Mkongwe wa Ustawi, nimekuelewa na nakubali. Yule mzee dereva nilikwenda kwake nyumbani na mke wangu Jumapili iliyofuata, tukapeleka kilo mbili za sukari. Alitukaribisha chai. Akaniambia kwamba kuanzia wiki ya tatu alikuwa anaona kijana anapanda gari amekunja miguu, anakaa upande, hataki mtikisiko. Alimwambia matroni, matroni akasema watoto ndivyo walivyo. Kwa hiyo hata yeye alikuwa na kipande cha habari, na mimi nilimfuata na spana.

Choo: mwalimu alinipeleka kwa mkuu wa shule, nikajiandaa kwa ugomvi, haukutokea. Mkuu wa shule akasema bajeti ya choo kipya ipo kwenye karatasi, haijui lini itashuka. Nikamwambia mimi ni fundi wa friji lakini msumeno ninao. Nikachukua ubao mzito, nikaukata ukalala juu ya sakafu yote ya chumba kimoja, nikatoboa tundu dogo la mviringo mrefu, nikapigilia vipande viwili vya kukanyagia miguu ili mtoto ajue pa kusimama, na mshikio wa bomba ukutani. Nikapaka rangi ya mafuta ili uoshwe. Mlango nikauchora samaki, maana kijana wangu alitaka samaki. Gharama yote haikufika ile niliyotumia kwenye dawa za taifodi ambayo hakuwa nayo.

Siku ya kwanza hakuna aliyekubali kuingia. Walisimama nje wanatazama samaki. Wangu akasema yeye ataingia kama mimi nitasimama mlangoni na kuongea muda wote, nisinyamaze. Basi nikasimama pale nje ya choo cha shule, mwanamume mzima, natangaza kwa sauti sehemu za friji: kompresa, kondensa, bomba la shaba, gesi, feni, taa ya ndani. Nilipofika kwenye taa ya ndani akatoka. Wenzake wakapanga mstari, kila mmoja anataka atangaziwe friji.

---

Ticha wa Awali:

Fundi, ninaomba vipimo vya huo ubao. Nina mzazi seremala kwenye kamati, nataka nimpelekee kesho.

---

Kipisi cha Muwa:

Mwalimu, ubao usiwe chini ya inchi moja unene, na chini yake upitishe mbao mbili za kuubeba, usibonyee. Ufungwe sakafuni kwa skrubu, usiwe wa kuwekwa tu, watoto watausogeza. Kila muhula mtu auinue aangalie kama unaoza. Chumba hicho kiandikwe ni cha awali peke yao, wakubwa wasiingie.

Upana wa tundu sikutumia futi. Mwambie seremala aje darasani, watoto wavue viatu, atafute kiatu kidogo kuliko vyote. Tundu liwe fupi kuliko hicho kiatu.